Muulize Sechelela

Faili la kisima cha kwanza lina mistari mia tatu na sita.
Mashine husoma mia moja tu.
Iliyobaki ni Ndahani, anaongea.

Kila alipoweka ile alama,
reli mbili zimekatizwa na reli mbili,
kama pale reli kuukuu inapopishana na ile ya umeme,
mashine hugeuza uso, hupita,
na sisi ndipo tunaposimama:

# usishushe chini ya 40. Chang'ombe mabomba yanameza hewa
# Jumamosi mnada Msalato, fungua saa kumi alfajiri
# 35 nilijaribu. Usirudie. Niliamshwa na simu kumi na moja
# pampu ya tatu kaidi kama punda wa Bahi, ipe dakika mbili

Miaka kumi na saba akiandika hivyo,
nafasi nne, si tatu, kila mwanzo wa mstari,
namba zimesimama wima kama nguzo za shamba la zabibu.
Kisha akastaafu, akaenda Kibaigwa kwenye alizeti,
akaniachia kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Agosti. Vumbi limelala juu ya kibodi.
Amri ikashuka: visima vyote ishirini na nane,
muda wa kupumzika pampu uwe dakika tisa, si sita.
Mafaili ishirini na nane! Nani ahariri kwa mkono?
Nikaandika skripti, mistari kumi na mmoja, nikajisifu.
Ikalisoma faili, ikalimeza,
ikabadili namba, ikalitapika upya:
safi, limenyooka, limepangwa kwa alfabeti,
na Ndahani hayumo.

Pampu ziliwaka. Maji yalipanda Mlimwa kama jana.
Hakuna taa nyekundu, hakuna aliyepiga simu.
Hilo ndilo lililonitisha:
kwamba unaweza kumfuta mtu, miaka kumi na saba,
na mshale wa mita usitikisike.

Nikarudisha nakala ya akiba. Nikaketi.
Mama yangu huko Mpunguzi akipogoa mzabibu
hang'oi mche ili aupande upya bila tawi moja.
Mkasi huingia, tawi huanguka,
waya haujui.

Skripti ya pili ni ndefu, tena ya polepole.
Haijifanyi inaelewa. Inatembea mstari kwa mstari,
inatafuta neno moja,
na mbele ya neno lile inabadili tarakimu,
tarakimu ile tu.
Nafasi nne zinabaki nne.
"Presha" aliyoiandika "prisha" inabaki prisha.
Mstari mtupu, pengine alikwenda kunywa chai,
unabaki mtupu.
Nikalinganisha la kale na jipya:
toa moja, ongeza moja. Basi.

Nikaweka na wangu chini yake, kwa haya kidogo:

# ilikuwa 6. Agosti, visima vimechoka. Chiwanga

Ila faili la kumi na tisa, mstari wa mia mbili na kumi na mbili:

# hii usiguse kabla ya kumuuliza Sechelela

Ofisini hakuna Sechelela.
Kwenye daftari la zamu hayupo, wala masjala hawamjui;
mlinzi anasema aliwahi kuwapo mmoja, wa mapokezi,
au labda huyo alikuwa Mendi.
Nikampigia Ndahani. Nyuma yake mashine ya kukamua inanguruma.
Akacheka, akacheka mpaka akakohoa,
akasema, "Eee! Sechelela!"
na salio langu likaisha.

Usiku ule nikaiachia skripti ipite mafaili yote.
Nikaitazama kwenye kioo ikishuka,
mia mbili na kumi, kumi na moja,
na ilipofika pale
ikapita kwa ncha za vidole,
kama apitaye mlango wa chumba
alimolala mtoto wa watu.